Alipokuja Kutuuliza Habari za Ndugu Yetu



Leo hatuna habari za vitambaa wala mitindo mipya ya shela. Tuna jambo lililotukuta wenyewe, na tumelikalia kwa muda mrefu kabla ya kuliandika. Wengi mnatujua kwa cherehani. Sisi ni ndugu wawili, tunashona nguo za harusi hapa Unguja, na katika jambo hili hatukutengana hata siku moja. Ndiyo maana tutasema "sisi" mpaka mwisho.

Kwetu ni Daudi, Mbulu, mkoa wa Manyara. Baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyekwenda huko kwa biashara. Mama ni Mwiraqw, alisilimu alipoolewa. Sisi tuliolewa visiwani, lakini ndugu yetu wa kiume, kitinda mimba, alibaki Daudi na mama. Huyo ndiye tunayemzungumza leo. Ametupa ruhusa tuandike, kwa sharti kwamba tusitaje jina lake.

Ndugu yetu ni mkimbiaji. Kwa mtu wa Mbulu hilo halishangazi. Kule ni juu, baridi, na vilima havina mwisho, na mtoto anakwenda shule mbio na kurudi mbio. John Stephen Akhwari ametoka Mbulu. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa 1 baada ya mshindi, wa mwisho katika watu 57 waliomaliza, na dunia nzima inamkumbuka kwa hilo. Filbert Bayi naye ni wa Karatu, jirani zetu. Aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Watoto wa kwetu wanayajua majina hayo kabla hawajajua kuandika vizuri.

Na tuseme mapema, mbio si kosa. Sote tumesoma kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, aliposhindana mbio na Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baada ya muda wakashindana tena, Mtume akashinda. Mume anayependa mbio ni neema. Tunachotaka kukieleza ni kile ndugu yetu alichokichanganya na mbio zake.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, alikuja mama mmoja dukani. Tunamjua, mteja wetu wa siku nyingi, tuliwashonea binti zake wawili wakubwa. Hakuja na kitambaa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akauliza hali, akanywa maji, kisha akasema: "Wanangu, ndugu yenu ameleta posa kwa binti yangu mdogo. Nyinyi ni watu wake wa damu. Nambieni ukweli, kijana yukoje?"

Binti na ndugu yetu walijuana kwa njia ya heshima, alipokuja kututembelea Idi iliyotangulia. Tulifurahi sana. Tulishaanza hata kuchagua rangi ya lasi.

Tukajibu: "Mama, ni kijana mzuri. Anaswali, anamtunza mama yetu, hanywi pombe, kutwa yuko kwenye mazoezi."

Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini tulikuwa tunajua kwa karibu miaka miwili kwamba ndugu yetu anavuta bangi. Tulikuwa tumeisikia harufu kwenye koti lake la mazoezi. Mama aliwahi kupata kijiti kimefungwa kwenye karatasi ndani ya kiatu chake cha mbio, akatupigia simu analia. Tulimuuliza, akacheka, akasema ni mambo ya wakimbiaji. Nasi tukaliacha hapo. Pombe tungeipigia kelele. Jani tulilifanya dogo, kwa sababu halikumwangusha barabarani na halikumfanya atukane watu.

Mama wa binti alipoondoka hatukutazamana. Kila mmoja alirudi kwenye cherehani yake. Usiku ule hatukulala.

Kesho yake tulikwenda kwa mwalimu wetu wa darsa. Tulimuuliza kwa kuzunguka, kama watu wanaouliza kwa niaba ya jirani: je, kutaja aibu ya ndugu yako si kusengenya? Akatukumbusha kisa cha Fatima bint Qays. Alipoposwa na wanaume wawili alikwenda kumtaka ushauri Mtume, naye hakumficha. Alimweleza kwamba mmoja hana mali, na mwengine fimbo haishuki begani kwake, kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Mwalimu akasema wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi, wamelitaja wazi jambo hili: anayeulizwa kuhusu mchumba anatakiwa aseme ukweli kwa kiasi cha haja, na hiyo si ghiba. Kisha akatutazama, akasema: "Na huyo jirani yenu, aliyemuuliza bado anasubiri?"

Sisi mafundi tunajua, mshono mbaya ukiupiga pasi vizuri mteja hauoni. Anavaa, anapendeza, anapigwa picha. Siku ya kufua ndipo unapofumuka. Tulikuwa tumempigia pasi ndugu yetu.

Hata hivyo hatukutaka kusema mgongoni kwake. Mwezi wa Mei tukafunga duka kwa wiki moja. Boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Babati, kisha gari la kupanda Mbulu. Tulifika Daudi jioni, baridi inauma mpaka kwenye meno, sisi tumezoea joto la pwani. Mama alitupikia makande. Ndugu yetu alirudi kutoka mazoezini, mwembamba, anang'aa jasho, akatukumbatia. Tulimpenda zaidi kuliko siku zote, na hilo ndilo lililofanya kazi yetu kuwa ngumu.

Tulisubiri mama alale, tukakaa naye jikoni karibu na moto, tukamwambia tulichokuja nacho. Hakukataa. Alitueleza kila kitu, na tunayaandika hapa maneno yake kwa sababu huenda hata wewe umeshayasikia kwa mtu wako.

Alisema wako vijana kadhaa wanaokimbia pamoja. Kabla ya mbio ndefu wanavuta kidogo. Alisema inafungua pumzi. Inaua baridi. Goti lake la kushoto linamsumbua, na akishavuta halisikii. Njia ya kilomita 25 inakuwa fupi, kichwa kinatulia, miguu inakwenda yenyewe. Na mwisho akasema: "Dada, hii si pombe. Ni jani. Ameliumba Mungu."

Hilo la mwisho lilikuwa rahisi kulijibu. Mungu ameumba pia majani ambayo mbuzi akila anakufa. Dini yetu haikutazama kama kitu kinanyweka au kinavutwa. Imetazama kama kinaondoa akili. Waislamu wa zamani waliijua bangi kwa jina la hashishi, na wanavyuoni kama Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, waliikemea kwa ukali sawa na ulevi mwengine. Tukamuuliza: "Alfajiri unaswali saa ngapi siku za mbio ndefu?" Akanyamaza. Tulijua kwa mama kwamba siku hizo haswali mpaka jua limeshatoka, na anapoingia kwenye swala yuko mbali.

Lakini haya mengine, la pumzi na la goti, hatukutaka kuyajibu kwa hasira. Tulikuwa tumejiandaa. Tumesoma sekondari tu, hatujasoma udaktari, lakini usiku nyingi tulikaa na simu tukisoma taratibu na kuulizana maana.

La pumzi lina ukweli kidogo, na ndiyo maana linadanganya. Moshi wa bangi unaweza kutanua njia za hewa kwa muda mfupi. Lakini wakati huohuo unaupandisha mwendo wa moyo kabla mtu hajapiga hata hatua moja, kwa hiyo anaanza kilima moyo ukiwa umeshachoka nusu. Na moshi ni moshi. Anayevuta kila mara anapata kikohozi na makohozi. Mwaka 1986 watafiti wa Canada waliwapandisha vijana wenye afya kwenye baiskeli za mazoezi, mara wakiwa wamevuta na mara hawajavuta. Walipovuta walichoka mapema zaidi.

Utafiti mwengine ulitugusa zaidi. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, ambako bangi inauzwa dukani kwa ruhusa ya sheria ya jimbo, walichukua wakimbiaji 42 wanaotumia, wakawakimbiza kwenye mashine siku moja bila kitu na siku nyingine baada ya kutumia. Wakimbiaji walisema walifurahia mbio zaidi walipotumia. Hatutaficha hilo. Lakini waliotumia bangi yenye kile kilevi chenyewe walisema pia mbio zilikuwa nzito zaidi kwao. Kwa hiyo raha ilipanda, na mzigo ukapanda.

Kuhusu goti tulimwambia hivi: maumivu ni mjumbe. Ukimziba mjumbe mdomo, habari haijaondoka, umebaki hujui tu. Akhwari alikimbia na goti lililoumia siku moja, mbele ya dunia, kwa ajili ya nchi. Yeye anakimbia na goti bovu kila wiki na hajui ubovu umefika wapi.

Kisha tukamwambia jambo ambalo sisi wenyewe lilitushangaza. Mwaka 1992 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Jerusalem waligundua kwamba mwili wa binadamu unatengeneza wenyewe kitu kinachofanya kazi mahali palepale ambapo bangi inafanya kazi kwenye ubongo. Wakakiita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Baadaye watafiti wakapima damu za watu baada ya kukimbia, wakakuta kitu hicho kimeongezeka. Ule utulivu wa kilomita ya kumi, kichwa kinapokuwa chepesi, Allah ameuweka ndani ya mwili, unakuja kwa mbio zenyewe.

Tukamuuliza: "Ulianza kukimbia darasa la nne. Jani umeanza juzi. Miaka yote ile, miguu haikuwa inakwenda yenyewe?"

Hapo alitutazama kwa muda mrefu. Akasema polepole kwamba ilikuwa inakwenda.

Kulikuwa na jambo la mwisho, la riziki yake. Anataka kushindana, anaizungumza Kilimanjaro Marathon ya Moshi kila siku. Tukamweleza kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni. Bangi imekatazwa siku za mashindano, lakini mtu anayevuta mara kwa mara inabaki kwenye mafuta ya mwili na kutoka kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Tangu 2021 anayekamatwa anaweza kupata adhabu ndogo ya miezi 3, hata mwezi 1 akikubali matibabu, lakini lazima athibitishe kwamba hakutumia wakati wa mashindano wala kwa ajili ya mchezo. Yeye anasema wazi anavuta ili akimbie. Kwa maneno yake mwenyewe amejitoa kwenye huruma hiyo, na kinachobaki ni kufungiwa miaka.

Tukamkumbusha Sha'Carri Richardson, yule binti wa Kimarekani. Juni 2021 alishinda mita 100 kwenye mashindano ya kuchagua timu ya Olimpiki. Alikuwa ametoka kupata habari za kifo cha mama yake mzazi, akavuta bangi ili apunguze uchungu, kwenye jimbo ambako sheria inaruhusu. Alipopimwa, matokeo yake yalifutwa, akafungiwa mwezi 1, akaikosa mita 100 ya Tokyo. Hatumcheki, msiba ni msiba. Aliomba radhi, akarudi, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia kule Budapest. Mlango haukufungwa. Lakini ile mbio ya Tokyo haikumngoja. Na hapa kwetu Tanzania hata hiyo ruhusa ya sheria hakuna. Kukutwa nayo tu ni kosa la jinai, bara na visiwani.

Tulipomaliza alisema: "Basi nitaacha. Lakini msimwambie mama yake."

Hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote. Tukamwambia kwamba tutasema. Tumeulizwa, tukajibu nusu, na nusu ile ni deni. Tukamwomba aseme yeye mwenyewe kwanza, tukampa wiki mbili. Aliinuka akatoka nje kwenye baridi, hakurudi mpaka tumelala. Asubuhi tulipoondoka hakutuaga.

Wiki mbili zikapita, hakusema. Tukaenda sisi nyumbani kwa yule mama. Tulisema kwa kiasi cha haja, kama mwalimu alivyotufundisha: anavuta bangi, kwa muda wa miaka miwili, anasema ataacha, hatujui kama ataacha. Tukaomba radhi kwa jibu la kwanza. Mama yule alilia kidogo, akatushika mikono, akasema Allah atulipe. Siku tatu baadaye posa ilirudishwa kwa heshima. Binti mwenyewe ndiye aliyeamua. Alisema hawezi kuolewa na ahadi.

Ndugu yetu hakuzungumza nasi kwa miezi minne. Tukipiga simu anampa mama. Tulipata maneno pia kutoka kwa jamaa: mmemuuza ndugu yenu, ninyi mmekuwa wa pwani sana. Siku nyingine tulijiuliza kama tulifanya haki au tulivunja nyumba ambayo haijajengwa bado.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025, simu iliita kabla ya adhana ya Alfajiri. Ilikuwa yeye. Tulidhani mama amefariki. Kumbe alikuwa amekesha akifuatilia marathoni ya dunia ya Tokyo, na Alphonce Simbu, kijana wa Singida, alikuwa ametoka kuitwalia Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Alikimbia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Ndugu yetu alikuwa analia. Akasema: "Dada, sehemu tatu za mia. Mimi miaka miwili nimetupa." Kisha akasema anakwenda kuswali, akakata.

Tangu siku ile tunazungumza. Amesema wiki za mwanzo bila jani zilikuwa mbaya, hapati usingizi, hasira karibu. Amebadilisha vijana wa kukimbia nao. Amekwenda hospitali kuangaliwa goti na amepumzishwa mbio ndefu, sasa anakimbia fupi. Hatusemi amepona. Aliteleza mara moja, akatuambia mwenyewe. Kwetu sisi, kule kutuambia ni jambo kubwa.

Na yule binti? Aliposwa na mwengine, wakaoana kabla ya Ramadhani. Gauni tulilishona sisi. Lasi ilikuwa ileile tuliyoichagua mwanzo, kwa sababu aliipenda. Tulipomvalisha tulimwombea dua ya kweli, kisha tulipobaki peke yetu tukalia kidogo. Vyote viwili vilitoka moyoni.

Dada zetu mnaotarajia kuolewa, ulizeni. Msiishie kwenye "anaswali" na "hanywi pombe". Ulizeni kuhusu bangi, mirungi, vidonge, kwa majina yake, na waulizeni wanaomjua kwao alikotoka, si rafiki zake wa mjini tu. Akikwambia ni kwa ajili ya mazoezi, mwambie ajaribu miezi mitatu kwa mbio peke yake, kabla ya mahari na si baada. Usiingie kwenye ndoa ukisema utambadilisha.

Na nyinyi dada wa kaka, shangazi na mama wadogo, mtakaokuja kuulizwa siku moja mkiwa kwenye kazi zenu: anayekuuliza amekukabidhi binti yake. Mjibu kama ungependa kujibiwa kuhusu binti yako.

Tuombeeni ndugu yetu, na sisi tunawaombea nyote wenza wema wenye kutuliza macho na nyoyo. Aamin.

Wabillahi tawfiq.